Mnara wa Waliojitolea: Hiari, Jina na Heshima ya Wafu wa Vita katika Pwani ya Takaungu

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuitazama kumbukumbu ya vita kupitia utenzi. Utenzi huwataja wapiganaji kwa majina na nasaba, hueleza chanzo cha ugomvi, huwasifu mashujaa na kuwalaani wasaliti, kisha humkabidhi msomaji hukumu. Aina nyingine ya kumbukumbu, ile ya jiwe na shaba, haijapata kutazamwa kwa jicho hilo hilo. Wanahistoria huitumia kama ushahidi wa tarehe, na wenye kushughulikia utalii huihesabu pamoja na majengo ya kale. Hata hivyo mnara wa ukumbusho nao ni matini. Una mtunzi na hadhira, una mambo uliyoyataja na mengine uliyoyanyamazia, na zaidi ya yote unamdai mtu anayepita mbele yake jambo fulani: unamtaka aheshimu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza dai hilo. Swali lake ni la kimaadili: je, heshima tunayodaiwa na mnara wa askari waliojitolea kupigana inategemea nini? Inategemea ushujaa wao, au uhuru waliokuwa nao walipojitolea, au haki ya jambo walilolipigania? Na ikiwa mambo hayo matatu hayaendi pamoja, msomaji wa leo, ambaye huenda ni mjukuu wa aliyeshindwa na vile vile mjukuu wa aliyeshinda, anapaswa kusimama vipi mbele ya jiwe hilo?

Mfano utakaotumika ni wa kikosi cha askari wa miguu kilichoundwa Mombasa mwaka 1914, kikaitwa Arab Rifles, na kumbukumbu yake iliyowekwa karibu na Ngome ya Yesu. Mfano huo utasomwa kutokea Takaungu, mji mdogo ulio kusini ya Kilifi. Kituo hiki cha kusomea kimechaguliwa kwa sababu vita vilivyolifanya jina la Mwele lijulikane vilianzia katika ugomvi wa nyumba moja ya Takaungu, miaka ishirini kabla ya kikosi hicho kuundwa.

2.0 Mwele mara mbili

Takaungu ni mji wa wakimbizi waliopata kuwa watawala. Mwaka 1837 Seyyid Said alipoitwaa Mombasa na kuvunja utawala wa Mazrui katika Ngome ya Yesu, sehemu moja ya ukoo huo ilihamia Gazi, upande wa kusini, na sehemu nyingine ikahamia Takaungu. Kutoka hapo Mazrui wa Takaungu walijenga upya nguvu zao kwa kilimo cha nafaka, na kilimo hicho kilisimama juu ya kazi ya watumwa. Ukweli huu utarejewa baadaye, kwani hakuna mjadala wa kumbukumbu ya Takaungu unaoweza kuuruka.

Mapema mwaka 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Walikuwapo wawili wenye kudai nafasi yake: mwanawe, Rashid bin Salim, na Mbaruk bin Rashid, mtoto wa mtawala wa zamani. Maofisa wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani wakati huo walimkubali Rashid, waliyemwona kuwa mwepesi wa kuelewana nao. Mwenzake aliondoka mjini na watu wake. Ugomvi wa urithi ukawa vita, na vita vikamwingiza jamaa yake mkubwa na maarufu zaidi, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekwisha kupambana na masultani wa Unguja kwa miaka mingi. Mwezi Julai mwaka huo serikali ya Uingereza ilichukua madaraka kutoka kwa kampuni. Tarehe 17 Agosti 1895 jeshi lililoongozwa na Admirali Rawson liliivamia na kuiteka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa katika vilima nyuma ya pwani ya kusini. Vita havikuishia hapo. Mwezi Machi 1896 ililazimu kuletwa kikosi cha Wabaluchi kutoka India, na mwezi Aprili Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Jina la Mwele lilirudi katika habari za vita baada ya miaka ishirini. Vita Vikuu vilipoanza mwezi Agosti 1914, Arthur John Byng Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba la katani karibu na Mombasa, alikusanya watu wa kujitolea. Wavell hakuwa mgeni wa mila za pwani. Mwaka 1908 alikwenda Makka kwa kujifanya Mswahili wa Unguja, akifuatana na kijana wa Mombasa, na mwaka 1912 alichapisha kitabu juu ya safari hiyo. Wengi wa aliowaandikisha walikuwa Washihiri, Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa wakifanya kazi za sulubu mjini, pamoja na Waarabu wengine wa pwani. Kikosi hicho kilipigana kusini ya Mombasa mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 1914, na kilikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowazuia Wajerumani wasiiteke Gazi. Tarehe 9 Januari 1916 Wavell aliuawa pamoja na askari wake wengi karibu na Mwele Ndogo.

Msomaji wa tamthilia angeuona mpangilio huu kuwa umebuniwa. Gazi ndio uliokuwa mji wa Mbaruk. Wajerumani waliompa Mbaruk hifadhi mwaka 1896 ndio walioishambulia Gazi mwaka 1914, na Waingereza waliomfukuza Gazi ndio walioilinda, kwa kutumia Waarabu wa pwani. Mwele, mahali ambapo Waarabu walipigwa na Waingereza, pakawa mahali ambapo Waarabu walikufa kwa ajili ya Waingereza. Na kumbukumbu ya waliokufa haikuwekwa katika vilima vile peke yake. Ilisimamishwa Mombasa, mbele ya ngome ambayo Mazrui waliipoteza mwaka 1837. Mahali penyewe panasema jambo ambalo maandishi ya mnara hayasemi.

3.0 Hiari yashinda utumwa

Methali hii ya Waswahili ndiyo mizani ya kwanza ya kupimia heshima ya askari wa kujitolea. Kazi ya mtu mwenye hiari inazidi kazi ya mtu aliyelazimishwa, si kwa wingi wake tu, bali kwa sababu ni yake. Aliyelazimishwa akifa vitani tunamwonea huruma, aliyejitolea tunamheshimu. Minara ya vikosi vya kujitolea duniani kote imejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hebu kitazamwe kitenzi chenyewe. Kiswahili kina "kujitoa" na kina "kujitolea". Mnyambuliko wa kutendea katika neno la pili unaongeza nafasi ya mtendewa: mtu hujitolea kwa ajili ya fulani au kwa jambo fulani. Kwa hiyo, sarufi ya Kiswahili haikubali kujitolea kusikokuwa na mwelekeo. Mnara ukisema kwamba watu hawa walijitolea, msomaji ana haki ya kuuliza: kwa nani? Majina ya kikosi yanajibu kwa njia ya kushangaza. Katika kumbukumbu nyingi za vita vile askari hao huitwa Waarabu wa Wavell. Kihusishi "wa" hapa ni cha umilikaji. Kiongozi ana jina, cheo, elimu na wasifu. Wafuasi wana kabila na mwenyewe. Hiari yao yote imemezwa na silabi moja.

Je, hiari hiyo ilikuwapo kweli? Swali hili lina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni kusema kwamba katika utawala wa kikoloni hakuna mtu aliyeweza kuwa na hiari, na kwa hiyo askari hao walikuwa vyombo tu. Anayesema hivyo hudhani anawatetea, kumbe anawanyang'anya kitu cha mwisho walichokuwa nacho. Hamali wa Mombasa aliyeiacha kazi ya kubeba mizigo akashika bunduki huenda alitafuta mshahara, huenda alitafuta hadhi, huenda alimpenda kiongozi aliyezungumza lugha yake na kujua ibada yake. Sababu hizo ni za kibinadamu, na hakuna jeshi la kujitolea duniani ambalo halikuwa na watu wa namna hiyo.

Mtego wa pili ni kusema kwamba maadamu hawakufungwa kamba, basi walikuwa huru kabisa. Hiari hupimwa pia kwa njia zilizobaki wazi kwa mtu anayechagua. Jambo hili linaonekana vizuri zaidi ukiutazama upande wa bara wa Takaungu katika mwaka ule ule wa 1914. Wagiriama walitakiwa watoe vijana wa kufanya kazi, wakakataa. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliokuwa wamewaapisha watu wasitii, walikuwa wamekamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii. Mwanzoni mwa Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mapigano yalipokwisha, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa wafanyakazi 1,000. Kukataa kwao kulikuwa tendo la hiari kama kulivyokuwa kujiandikisha kwa wale wa Mombasa, ila hiari ya kukubali ilipewa sare na hiari ya kukataa ikapewa baruti. Katika hali kama hiyo hatuwezi kusema kwamba wa kwanza hawakuchagua. Lakini hatuwezi pia kuusifu uchaguzi wao kana kwamba njia zote zilikuwa sawa.

Basi hiari ya askari wa pwani ilikuwa ya kweli na ilikuwa na mipaka. Mnara unaoitaja hiari na kuificha mipaka yake husema nusu ya ukweli. Kosa hili si la wakoloni peke yao. Jeshi la Mbaruk nalo lilikuwa na watumwa na watu waliomtegemea kwa chakula na ulinzi. Mtu wa leo akitaka kumsimamishia Mbaruk mnara wa mpinzani wa ukoloni, na hoja za kufanya hivyo zipo, atapaswa kujibu swali lile lile: wangapi kati ya waliokufa Mwele mwaka 1895 walikuwa huru kutokwenda?

4.0 Nchi ya nani?

Mizani ya pili ni ya jambo lililopiganiwa. Hapa inafaa kuzitazama sanamu za shaba ambazo Waingereza walizisimamisha Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1927 na 1928, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Ile ya Dar es Salaam ilichukua mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani. Maandishi yake ni ya lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka askari wenyeji, na wapagazi ambao yanawaita miguu na mikono ya jeshi, na kisha yanatoa ahadi: kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Mtunzi wa maneno ya Kiingereza ni Rudyard Kipling.

Ahadi hiyo ina maneno mawili mazito, "nchi" na "jina". Kuhusu nchi, pwani ilikuwa na utata ambao bara haikuwa nao. Takaungu, Malindi, Mombasa na Gazi zote zilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi ambao kisheria ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, na Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa mwaka 1895. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1963. Askari wa pwani aliyeambiwa apiganie mfalme na nchi yake alikuwa na haki ya kuuliza mfalme yupi. Mfalme wa London? Sultani wa Unguja, ambaye babu zake ndio waliowafukuza Mazrui kutoka Mombasa? Mshihiri wa Hadhramaut hata huko hakuwa na nchi. Nchi yake ilikuwa ng'ambo ya bahari.

Tena kulikuwa na wito wa tatu. Mwezi Novemba 1914 dola ya Uthmaniya, iliyokuwa imejiunga na Ujerumani, ilitangaza jihadi na kuwataka Waislamu wa dunia wapigane na Uingereza na wenzake. Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja alikuwa upande wa Waingereza na alitumia heshima yake kuwatuliza Waislamu wa Afrika Mashariki. Muumini wa pwani alijikuta kati ya khalifa wa mbali na sultani wa karibu. Wale wa kikosi cha Wavell walibaki na bunduki zao upande wa Waingereza, na huko Mwele Ndogo walikufa. Kwa baadhi yao uamuzi huo huenda uligharimu utulivu wa nafsi kuliko risasi yoyote. Hakuna mnara unaoligusa jambo hili, ingawa kwa mtazamo wa kimaadili ndilo lililo zito kuliko yote: hawa walikuwa watu waliopaswa kuchagua kati ya utii kadhaa, kila mmoja na madai yake, na wakachagua.

Waswahili husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ugenini hana wa kumtunza. Na hapo ndipo lilipo tatizo la askari hawa. Waliwachezea Waingereza, na Waingereza walipoondoka hawakubaki watu wa kuwatunza. Taifa la Kenya lina mashujaa wake, na tangu Katiba ya mwaka 2010 lina siku ya kuwakumbuka, tarehe 20 Oktoba. Mekatilili, aliyefungwa na wakoloni, ni miongoni mwao, na anastahili. Lakini mtu aliyekufa Mwele mwaka 1916 hana nafasi katika orodha hiyo. Si shujaa wa uhuru, wala hakuwa mkoloni. Ni mtu wa pwani aliyekufa upande ambao historia haikuuchagua.

Mkanganyiko huu hutatuliwa kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mnara huyachanganya: kumheshimu mtu na kuidhinisha jambo. Mnara wa kijeshi umeundwa makusudi ili mambo hayo yasitengane. Anayevua kofia kwa ajili ya maiti huwa ameivulia pia bendera. Lakini akili ya kimaadili inaweza kuyatenga, na utenzi umekuwa ukiyatenga siku zote. Utenzi wa vita humsifu adui jasiri bila kuukubali uadui wake. Hivyo basi, mjukuu wa Mazrui wa Takaungu, au mjukuu wa Mgiriama aliyetozwa faini, anaweza kusema bila kujipinga: hawa walikuwa watu, walikufa kwa uthabiti, nawaheshimu, na vita walivyopigana havikuwa vyetu, wala siviidhinishi.

5.0 Jina, mnara na kigango

Linabaki neno la pili katika ahadi ya Kipling, nalo ni "jina". Sanamu zile tatu hazina jina la askari hata mmoja. Ahadi ya kwamba jina litakumbukwa imeandikwa juu ya jiwe lisilo na majina. Jambo hili linazidi kuumiza mtu akimjua mtunzi. Mwanawe Kipling, John, aliuawa Ufaransa mwaka 1915, na kaburi lake halikutambuliwa muda wote wa uhai wa baba yake. Kipling alikuwa pia mshauri wa fasihi wa tume ya kifalme ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, bila ubaguzi wa cheo. Yaani mtu aliyeujua kuliko wengi uchungu wa kifo kisicho na kaburi ndiye aliyeandika maneno yanayowaachia wana wa Kiafrika kazi ya kukumbuka majina ambayo serikali haikuyaandika. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ilifika 350,000. Wengi walikuwa wapagazi. Jina la mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam linatokana na jeshi lao, na kwa miaka mingi mtaa huo wa soko umekuwa kumbukumbu yao hai kuliko shaba.

Pwani ya Kilifi ilikuwa na sarufi yake ya kumbukumbu muda mrefu kabla ya Stevenson na Kipling, na sarufi hiyo inafaa kutumiwa kama kipimo. Ng'ambo ya Takaungu, kwenye hori ya Kilifi, kuna magofu ya Mnarani, na jina lenyewe linasema. Nguzo ya kaburi la Waswahili wa kale, kama zile za Mnarani, Gede na Malindi, husimama juu ya mtu. Mjini Malindi nguzo ya namna hiyo iko kando ya msikiti, na mwendo mfupi kutoka hapo, juu ya mwamba wa baharini, iko nguzo iliyohusishwa na kuja kwa Vasco da Gama mwaka 1498. Zote ni nguzo za mawe, lakini sarufi zake ni tofauti. Ya kwanza inasema: hapa yupo fulani. Ya pili inasema: hapa tulifika. Mnara wa kijeshi wa kikoloni hujifanya kuwa wa aina ya kwanza, ilhali mara nyingi ni wa aina ya pili.

Kigango cha Wagiriama kinafundisha zaidi. Mzee wa chama cha Gohu akifariki, na dalili zikaonyesha kwamba anahitaji kukumbukwa, jamaa zake humchongea nguzo ya mti na kuisimamisha. Kigango kina mwenyewe, kina jamaa wanaowajibika kwacho, na hakihamishwi. Watu wakihama, kinabaki mpaka kioze. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo kama sanaa, na jamaa walioibiwa walilalamika kwamba tangu hapo mabaya yaliwaandama. Mwaka 2007 viwili kati ya hivyo vilirudishwa kutoka Marekani, na vingine vimefuata. Aliyekinunua aliona umbo. Jamaa waliokipoteza waliona deni. Kumbukumbu katika fikra hiyo ni uhusiano kati ya walio hai waliotajwa na mfu aliyetajwa. Uhusiano ukikatika, kinachobaki ni kuni au pambo.

Kwa kipimo hicho, mnara wa ukumbusho una sharti tatu za kimaadili. Kwanza, uwataje waliokufa, au ukiri wazi kwamba haukuwataja. Pili, uwe na watu wanaowajibika kwao. Tatu, usiwafute wengine waliokufa mahali pale pale. Kumbukumbu ya Mwele inashindwa hasa katika sharti la tatu. Anayesoma habari za Mwele Ndogo ya mwaka 1916 haambiwi habari za Mwele ya mwaka 1895. Nje ya Ngome ya Yesu kumewekwa mzinga wa manowari ya Kiingereza Pegasus pamoja na mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg iliyoizamisha Pegasus mbele ya Unguja mwaka 1914. Mizinga ya maadui imepatanishwa. Watu wa pwani waliopigana pande mbili za vita vya ukoloni bado hawajapatanishwa.

6.0 Pingamizi

Kuna hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya msimamo huu. Ya kwanza ni ya dini. Wanazuoni wengi wa pwani wamekataza kupamba makaburi. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alipinga mno ibada za makaburini. Mtu anaweza kusema kwamba Mwislamu aliyekufa Mwele hahitaji mnara, kwani Mola anamjua. Hoja hii ni sahihi kuhusu mfu, lakini haiwahusu walio hai. Sheikh al-Amin mwenyewe aliandika historia ya ukoo wake, akawataja watawala wa Mombasa mmoja mmoja. Aliyekataa kuabudu kaburi hakukataa kuandika jina.

Ya pili ni kwamba kusahau ni rehema. Pwani ni mahali ambapo wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa wanaoana, wanasali safu moja na kuzikana. Kufukua ya kale ni kutonesha kidonda. Hoja hii haifai kubezwa. Lakini lazima iulizwe ni nani anayefaidika na kusahau. Wazao wa wakulima watumwa wa mashamba ya Takaungu, na wa watoro waliojijengea makazi kama Fuladoyo, hawakuombwa ridhaa yao kabla ya kusahauliwa. Rehema ni ya aliyedhulumiwa kuitoa. Ikitolewa na mwingine kwa niaba yake huwa ni njia ya kukwepa deni.

Ya tatu ni kwamba haifai kuwahukumu watu wa 1914 kwa mizani ya leo. Jibu ni kwamba wanaohukumiwa hapa si wao. Mshihiri aliyekufa Mwele Ndogo hatakiwi kujitetea. Anayehojiwa ni msomaji wa leo anayepita mbele ya jiwe na kuridhika na linavyosema.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba heshima kwa askari waliojitolea haitegemei haki ya vita vyao, wala haihitaji kudhaniwa kwamba hiari yao haikuwa na mipaka. Inawafikia wao kama watu. Kinachotegemea haki ni idhini, na idhini hatuwajibiki kuitoa kwa sababu tu tumeombwa na jiwe. Kwa hiyo kuubomoa mnara wa kikosi cha Wavell si lazima, kwa kuwa kubomoa kungewafuta kwa mara ya pili watu ambao kihusishi "wa" kilikwisha kuwafuta mara ya kwanza. Kuuacha ulivyo nako hakutoshi. Unahitaji kukamilishwa: majina ya askari yatafutwe katika orodha za malipo na kumbukumbu za familia za Mombasa, na habari za mwaka 1895 zisomwe pamoja na za mwaka 1916.

Takaungu nayo ina wajibu wake, na hauanzii Mwele. Mji uliopoteza utawala kwa sababu ya mirathi ya mtu mmoja unajua thamani ya jina na nasaba. Waliolima mtama wake hawakuruhusiwa kuwa na nasaba. Watafiti wa fasihi simulizi wanaofanya kazi kati ya Takaungu na Malindi wana nafasi ya kukusanya majina ya mashamba, nyimbo za kazi na hadithi za watoro kabla wazee wanaozijua hawajaondoka. Kazi hiyo ikifanyika, mkabala wa kudai majina ya askari wa kikosi cha Wavell utakuwa na uzito zaidi, kwani utatoka kwa watu waliokwisha kuyatafuta majina ya watu ambao wao wenyewe waliwasahau.